Bure yenye kufuli

Neno "bure" linatuponza. Mtu akiona mtandaoni "sampuli za piano, bure kabisa", anapakua kwanza, maswali baadaye. Ni wachache wanaojiuliza: faili hizi zitafunguka kwa programu ngapi, na kwa miaka mingapi?

Kwa wasioshinda studio: sampuli ni sauti halisi ya ala, imerekodiwa noti moja moja. Prodyuza akibonyeza kinanda chake, kompyuta inapiga ile rekodi. Lakini rekodi peke yake hazitoshi. Lazima iwepo ramani ya kuiambia kompyuta rekodi ipi ikae kwenye kitufe kipi, na ipi ilie ukibonyeza taratibu au kwa nguvu. Ugomvi wangu uko kwenye ramani hiyo.

Kumbukeni GigaStudio. Ilitamba sana, kisha mwaka 2008 TASCAM wakaacha kuitengeneza. Waliohifadhi ala zao katika faili zake wakabaki kutegemea huruma ya watu kama wale wa mradi wa LinuxSampler, ambao programu yao inazisoma. Na leo je? Zipo sampuli kibao zinazogawiwa bure lakini zinadai Kontakt kamili, ile ya kulipia. Ukizifungua kwa Kontakt Player ya bure, zinalia dakika 15, kisha kimya. Jamani, bure gani hiyo?

Sasa tazameni mfano mzuri. Alexander Holm alirekodi piano ya Yamaha C5, kila noti aliyoirekodi akaipiga kwa viwango 16 vya nguvu. Akaigawa kwa jina la Salamander Grand Piano, kwa leseni ya Creative Commons, na baadaye akaifanya mali ya umma. Ramani yake ni SFZ, yaani maandishi ya kawaida tu. Unaifungua hata kwa Notepad, unasoma, unarekebisha. Rekodi zenyewe katika SFZ zinaweza kuwa WAV au FLAC. FLAC inapunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chembe ya sauti, jambo ambalo mnunuzi wa bando atalishukuru. Ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2001, na mwaka 2024 ikachapishwa rasmi kama kiwango cha intaneti. Hakuna anayedaiwa senti kuitumia.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Chukua ilimba ya Wagogo, ile ambayo marehemu Hukwe Zawose aliizungusha duniani. Noti zake hazikai sawasawa na za piano. Akija mtu akairekodi, "akainyoosha" ifuate piano, halafu akaifungia kwenye faili isiyofunguka, basi kosa lake ndilo litakuwa ilimba ya maprodyuza wote watakaoipakua. Katika SFZ, kijana wa Dodoma mwenye sikio anafungua maandishi, anabadili namba ya noti hiyo, anairudisha mahali pake. Haombi ruhusa kwa mtu.

Najua kuna watakaobisha kwamba fomati zilizofungwa zina sura nzuri na vikorombwezo vingi, na kwamba si kila programu inaelewa amri zote za SFZ. Kweli kabisa. Basi toeni hilo toleo la mapambo, lakini pembeni yake wekeni rekodi tupu za WAV au FLAC, ramani ya SFZ, na leseni inayoeleweka. Kazi ngumu ya kurekodi mmeshaimaliza. Hiyo nyingine ni ndogo.

Bure maana yake hukulipa leo. Huria maana yake mjukuu wako ataweza kuifungua. Kwa ala ambazo mafundi wake wanazidi kupungua, mimi nataka hiyo ya pili. Wewe je?