Jengo la Kilimani Limeandikwa Pamoja na Viti Vibovu

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea simu yake ofisini ili nione tangazo. Kasri ya kale, juu ya kilima, kusini mwa Ulaya, katikati ya mashamba ya mizabibu, inauzwa. Palikuwa na picha za mnara wa mawe, ngazi zilizolika, dirisha linalotazama bonde lote, na chini yake bei ambayo kwa mshahara wa mhadhiri ni kichekesho. "Daktari," akaniuliza huku akitabasamu, "kwenu Mlangali vilima mnavyo na ulanzi mnao. Ngome yenu mnaiuza shilingi ngapi?"

Nilicheka naye. Alipotoka kicheko kikaniishia, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na sikulipenda.

Katika likizo yangu ya mwisho nyumbani, mtumishi mmoja wa umma tuliyesoma pamoja alinionyesha orodha ya mali zilizopendekezwa kuondolewa kwa mnada. Sitaitaja halmashauri yake, wala kilima chenyewe, kwa sababu mambo bado yapo mezani na rafiki yangu bado ana watoto wa kusomesha. Orodha ilianza na pikipiki mbili zisizotembea. Ikafuata jenereta, mashine ya kudurufu, viti thelathini na kimoja vilivyovunjika. Kisha, katika mstari wa chini kabisa: "Jengo la mawe, la zamani, kilimani. Chakavu." Safu ya thamani ilikuwa na kiasi ambacho, nilivyoelezwa, ni makadirio ya mabati na mawe yatakayookolewa. Safu ya maelezo ilikuwa tupu. Haikuandikwa lilijengwa lini, na nani, kwa mikono ya akina nani. Viti vilihesabiwa kimoja kimoja. Historia haikupewa hata sentensi moja.

Ndugu msomaji, naomba tusidanganyane kwamba hilo ni kosa la karani. Karani ameandika kile ambacho dola yetu imemfundisha kukiona. Na dola imejifunza kutokuona kwa msaada wa sheria.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979 na bado ndiyo tunayoitegemea, inalipa jengo hadhi ya kulindwa kwa umri wake pekee endapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji tamko la Waziri katika Gazeti la Serikali. Mwaka huo ulipochaguliwa ulikuwa takribani karne moja nyuma, na pengine ulionekana wa busara. Lakini karne imesogea na mwaka haukusogea. Hebu tazama unachokiacha nje. Wajerumani walianza kuitwaa nchi hii mwaka 1885, kwa hiyo hakuna boma lao hata moja linalolindwa kwa umri wake. Vita vya Majimaji ni vya 1905 hadi 1907, navyo viko nje. Na hili ndilo linaloniuma zaidi: ukuta ambao Mtwa Mkwawa aliujenga Kalenga, ule ambao majeshi ya Gavana von Schele yaliubomoa kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894, nao ni mchanga mno kwa kipimo hicho. Tuna sheria ya mambo ya kale ambayo, kwa umri pekee, haiwezi kumtambua Mkwawa. Kama hakuna tamko la Waziri, uwanja wa mapambano ya babu zetu ni kiwanja tu.

Najua kinachosemwa ninapofika hapa, kwa kuwa nimekisikia darasani, na kimesemwa na vijana ninaowaheshimu. Wanaharakati wetu husema: haya ni majengo ya wanyonyaji, yaanguke, tena yamechelewa kuanguka. Kwa nini mhadhiri Mwafrika alilie kuta za Wajerumani?

Swali hilo silidharau. Boma halikuwa nyumba ya wageni. Palikuwa mahali ambapo kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilipelekwa, na ambapo asiyekuwa nayo alipangiwa kazi. Palikuwa na kiboko. Katika nyanda hizi zetu, Wabena wa Mbeyela waliposhambulia misheni ya Yakobi mwezi Septemba 1905, na Wapangwa nao walipoingia katika vita hivyo, jibu lililotoka kwenye maboma halikuwa risasi peke yake. Lilikuwa moto kwenye maghala na mashamba, na baada ya moto njaa iliyoua wengi kuliko bunduki. Hayo yote nayakubali, na ndiyo sababu yangu ya kutaka kuta zibaki. Mtuhumiwa akishabomolewa, ushahidi nao unakuwa umekwenda. Waliochoma ghala la nafaka hawakuacha nyuma cha kuonekana. Kuta zao ndizo zilizobaki, na mtoto wa shule anaweza kuzigusa.

Tena nani alisema boma ni la Wajerumani? Nililizungumza jambo hili na mzee mmoja wa kwetu, kilabuni, katika msimu wa mvua ambapo ulanzi unagemwa kwa wingi. Wasioujua waelewe: kilele cha chipukizi la mwanzi hukatwa, asubuhi na jioni hukatwa tena kidogo, na utomvu hudondoka katika mbeta, kile chombo cha pingili ya mwanzi. Ukinywewa siku hiyo ni mtogwa, mtamu kama juisi. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo uangalie unakaa na nani. Mzee aliweka mbeta yake chini akaniambia: "Mwanangu, mawe ya jengo lile waliyabeba babu zetu kutoka mtoni. Hawakulipwa. Sasa mnataka kuyauza. Fedha atapewa nani?"

Nina shahada ya uzamivu na sikuwa na jibu. Nawaachia swali hilo wachumi wanaopanga thamani ya "jengo chakavu".

Hapa nirudi kwa yule mwanafunzi, maana utani wake ulikuwa na hoja. Kwa nini kule Ulaya mvinyo unapandisha bei ya kilima, na huku ulanzi unaishusha? Mwenye kuuza kasri kule hauzi mawe peke yake. Anauza jina la mahali. Wafaransa waliliwekea jina la Champagne ulinzi wa sheria. Mvinyo wenye mapovu wa kwingineko hauruhusiwi kujiita hivyo sokoni kwao. Zabibu, kilima, nyumba ya kale na jina vimefungwa pamoja, na kila kimoja kinakipa kingine thamani. Sisi ulanzi tumeuacha katika daraja la pombe za kienyeji, mada ya mikutano ya ulinzi na usalama, na kilima tumekiacha katika daraja la vitu chakavu. Hata Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, sijaona tukiuunganisha mvinyo na historia ya mji wenyewe kwa namna ya kumfanya mgeni alale usiku wa pili.

Mtu atasema: mbona hao Wazungu wenyewe wanauza? Ni kweli, wanauza. Baada ya mwaka 1990 baadhi ya majumba ya kale ya Ujerumani Mashariki yaliuzwa hata kwa marki moja. Mwaka 2017 Italia ilitangaza majengo 103 ya umma, kasri na nyumba za watawa zikiwamo, kutolewa bure kwa watakaoyafufua. Lakini someni masharti kabla ya kushangilia bei. Yule wa marki moja alikuwa akinunua wajibu wa kulikarabati jumba, na wajibu huo ndio uliokuwa bei yenyewe. Wale wa Italia hawakupewa umiliki. Walipewa haki ya kutumia kwa muda maalumu, na jengo likabaki la umma. Kwetu mnunuzi wa mabati na mawe hana sharti jingine ila kuondoa mzigo wake kabla ya tarehe fulani.

Wala si lazima tuvuke bahari. Mikindani, mkoani Mtwara, lipo boma la mwaka 1895 lililo juu ya kilima likiitazama ghuba. Lilikuwa limechakaa vibaya. Katika miaka ya 1990 iliyokuwa ikielekea ukingoni, shirika la hisani la Uingereza liitwalo Trade Aid lilikubaliana na serikali, likalikarabati na kuligeuza hoteli inayofundisha kazi vijana wa pale. Nina mashaka yangu kuhusu Mwafrika kujifunza kutandika kitanda katika jengo ambamo babu yake alicharazwa, na ningetaka maelezo ya viboko yawekwe ukutani kwa maandishi makubwa kuliko orodha ya vinywaji. Hata hivyo boma limesimama, na halikuuzwa. Iringa nako, jengo la Wajerumani la mwaka 1914 lililokusudiwa kuwa hospitali limekuwa makumbusho tangu 2016. Kwa Wakenya, kasri aliyoijenga Lord Egerton huko Njoro kati ya 1938 na 1954, jumba la ufahari wa mtu mmoja kama lipo duniani, leo iko mikononi mwa chuo kikuu, na watu wa kawaida hufungia harusi zao humo. Sijui kisasi kilicho kitamu kuliko hicho.

Kwa hiyo hoja ya kwamba "serikali haina fedha" haitoshi. Mahali pote nilipopataja hapakuanza na fedha nyingi. Palianza na mtu aliyekataa kulifuta jengo kwenye daftari.

Watumishi wa umma mnaonisoma, na najua mpo wengi, naomba mnivumilie kwa hili linalofuata. Mwaka 2002 serikali iliamua kuuza nyumba zake kwa watumishi. Zilikuwa maelfu, na miongoni mwake zilikuwamo nyumba za enzi za ukoloni katika maeneo ambayo viwanja vyake ni vya dhahabu. Hoja zilikuwa hizi hizi: uchakavu, gharama ya matunzo, mzigo kwa hazina. Waliouziwa walishukuru, na simlaumu mtu kwa kupata paa. Lakini wote tunakumbuka kelele zilizofuata, na jinsi serikali ile ile ilivyojikuta inahangaika kutafuta mahali pa kuwaweka watumishi wake wapya. Bustani nyingi zikajengwa maghorofa. Nani leo anaweza kuonyesha kumbukumbu za nyumba hizo, nani aliishi humo, nini kiliamuliwa sebuleni mwake? Tulipokea fedha, tukatoa hati, tukafunga jalada.

Nasi watu wa Ludewa tuna sababu ya ziada ya kuogopa saini. Mkataba wa chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma ulitiwa saini mwaka 2011. Wazee waliofanyiwa tathmini ya mashamba yao walisubiri fidia kwa miaka mingi, na wengine waliisubiri hadi kaburini. Mtu wa huku akiambiwa "mwekezaji ataleta ajira" huuliza kwanza karatasi iko wapi.

Sitaki kila ukuta uwe makumbusho. Kuna majengo yaliyokwisha kabisa, yenye nyufa zinazoingiza mkono, na hayo kuyaacha juu ya kichwa cha mtoto anayechunga mbuzi ni uzembe. Ninachotaka ni kidogo na hakina gharama ya kutisha. Jengo lolote lililosimama kabla ya Uhuru lisiingie katika orodha ya mnada hadi afisa utamaduni wa wilaya aandike, kwa jina lake na saini yake, ni nini na lilitumikaje. Kijiji kilicho chini ya kilima kiulizwe katika mkutano mkuu wake, kiulizwe kweli, si kutangaziwa. Likitolewa, litolewe kwa upangishaji wa muda maalumu wenye sharti la ukarabati, kamwe si kwa mauzo ya moja kwa moja. Na Bunge liuondoe mwaka 1863. Waweke kipimo kinachotembea, miaka sitini au mia moja, chochote kinachosogea pamoja na kalenda.

Wanafunzi, kwenu nina kazi na si ushauri. Watatu kati yenu wameshakubali kwenda nami likizo ijayo na futi kamba, kamera na kinasa sauti. Tutapima kuta, tutachora ramani ya vyumba, na tutawarekodi wazee waliosikia habari za mawe yale kutoka kwa waliowaona wabebaji. Wazee hao sasa wanahesabika kwa vidole.

Orodha ile inarudi mezani katika robo ijayo ya mwaka. Nimeandika barua kuomba dakika tano mbele ya madiwani, na nimeomba mzee wangu wa kilabuni naye apewe dakika tano, aulize swali lake mwenyewe. Barua yangu bado haijajibiwa. Mzee amekubali kuja, ila anataka kujua nani atamlipia nauli.