Kwa nini nyumba huanguka jirani anapochimba?

Tangu jengo la ghorofa nne liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20, mmetuuliza mara nyingi: nyumba iliyosimama miaka yote hiyo inaangukaje siku moja? Taarifa za siku zile zilitaja uchimbaji chini ya jengo. Leo tunawaeleza kwa mkasa mwingine, ambao chanzo chake kilichunguzwa hadi mahakamani.

Köln ni mji wa Ujerumani uliojengwa kando ya mto Rhine, juu ya mchanga na changarawe. Aliyewahi kuchimba kisima mchangani anaijua shughuli yake: ukifikia maji, kuta zinaanza kumwagika, na kila ndoo unayotoa inajazwa na mchanga wa pembeni. Ndiyo maana mafundi hutanguliza ukuta wa zege ardhini kabla ya kuchimba.

Ndivyo walivyofanya Köln walipojenga reli ya chini ya ardhi. Mwaka 2005, wakiandaa ukuta huo, walikuta jiwe kubwa. Mahakama ilibaini kwamba halikuondolewa, na ukuta ukabaki na tundu. Baadaye shimo likachimbwa zaidi ya mita 25 kwenda chini. Tarehe 3 Machi 2009 maji yalipenya yakiwa yamebeba mchanga, na ardhi iliyoshikilia jengo la kumbukumbu za mji ikahamia shimoni. Jengo lenyewe halikuwa na kosa. Lilikuwa jirani tu.

Waliokuwemo walitoka salama kwa sababu mafundi walioona maji yakiingia walikimbia kuwaonya. Vijana wawili waliokuwa katika nyumba za pembeni walifariki. Nyaraka, nyingine za zaidi ya miaka 1000, zilifukiwa na kifusi.

Kinachotusumbua ni kwamba onyo lilikuwepo. Mwaka 2004, kwenye njia hiyohiyo ya reli, mnara wa kanisa uliinama kwa sababu ya uchimbaji. Ukanyooshwa, kazi ikaendelea.

Wengi wenu mna mtoto au ndugu aliyepanga mjini. Mpigie umuulize kama jirani yake anachimba. Aangalie nyufa mpya. Aweke alama ya kalamu na tarehe pale ufa unapoishia, aone kama unasogea. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kugoma, asiharakishe kumlaumu seremala. Na atazame maji yanayovutwa na pampu kutoka shimoni.  Yakitoka na mchanga siku baada ya siku, mchanga huo unatoka mahali fulani, na huenda ni chini ya chumba chake. Hapo atoke kwanza na watoto, awaamshe wapangaji wenzake, kisha awapigie Zimamoto, namba 114 kwa walioko Tanzania. Vyombo atavirudia baadaye.