Daftari la Kijiji

Wasomaji wetu, aghlabu itajwapo Bara Hindi fikira zetu hukimbilia Bombay na Delhi na misongamano yake. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba katika watu milioni 1,210 wa nchi ile, milioni 833 walikuwa wakikaa vijijini. Vijiji vyenye wakazi vilikaribia 600,000; ukigawanya, wapata watu 1,400 hivi kwa kijiji kimoja.

Na kila kijiji, hata kikiwa kidogo namna gani, kina mstari wake katika daftari la serikali: nyumba ngapi, waume na wake wangapi, wangapi wajua kusoma, wangapi ni wa tabaka zilizodharauliwa tangu zamani (ambao hata leo mara nyingi hukaa kitongoji chao mbali, ijapokuwa Katiba ya 1950 ilipiga marufuku ubaguzi ule). Huandikwa pia nani mkulima na nani kibarua wa shamba la mwenziwe. Mwaka 2011 vibarua hao walikuwa milioni 144, na wakulima hawakufika milioni 119.

Sisi kazi yetu ni kusomesha, na kila asubuhi twahesabu watoto chuoni. Basi hatukuweza kuipita safu ya watoto wasiotimiza miaka saba. Kwa kila wavulana 1,000 walihesabiwa wasichana 918. Mwaka 1961 walikuwa 976. Katika jimbo la Haryana walikuwa 834 tu. Wala tusidhani kuwa huu ni ujinga wa watu wa shamba: vijijini walikuwa 923, na mijini, kwenye shule na hospitali nyingi, 905.

Wavulana huzaliwa wakizidi kidogo, lakini si kwa kiasi hicho. Waliopungua wako wapi? Wengine walitolewa tumboni, mama alipokwisha kupimwa na kuambiwa kuwa ni mtoto wa kike. Wengine walizaliwa, wakaugua, wasipelekwe kwa tabibu kama walivyopelekwa kaka zao. Sisi tuliosoma khabari za Jahiliya na mabinti waliozikwa hai twalijua jambo hili. Wale walitumia mchanga, hawa watumia mashine.

Sababu kubwa ni mali. Kwetu mahari ni haki ya mke kutoka kwa mume. Kule aghlabu mzazi wa binti ndiye atoaye, hata akauza shamba lake. Sheria ya 1961 ilikataza malipo hayo, na ya 1994 ikamkataza tabibu kufichua jinsia ya mimba. Malipo yangali yakitolewa. Na sasa vijana wa Haryana wakosa wachumba, hata huletewa wake kutoka Bengali na Assam, wasichana wasiojua hata lugha ya mama mkwe.

Liko, hata hivyo, daftari la namna nyingine. Katika kijiji cha Piplantri, jimbo la Rajasthan, mkuu wa kijiji Shyam Sundar Paliwal alifiwa na binti yake, akapanda mti kwa kumkumbuka. Yapata miaka ishirini sasa, kila azaliwapo mtoto wa kike wanakijiji hupanda miti 111, humwekea akiba ya fedha, na wazazi hutia sahihi kwamba watamsomesha wala hawatamwoza kabla ya miaka 18. Milima iliyoachwa tupu na machimbo ya marumaru sasa ina vivuli.