Chuo cha Udaktari Kisichaguliwe kwa Jina

Kila mwaka vijana wengi wanaohitimu Kidato cha Sita na kutaka udaktari hugombania Muhimbili, chuo kilichoanza mwaka 1963. Hatuwalaumu, sifa hiyo ni ya haki. Lakini ni kosa kudhani kwamba anayekwenda Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi, amekosa bahati.

Udaktari husomwa miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini, na sehemu yake muhimu hufundishwa wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hiyo tunawashauri vijana waulize: Je, walimu wanatosha? Wanafunzi wangapi humzunguka mgonjwa mmoja? Ada italipwaje hadi mwisho?

Wazazi nao waache kuchagua kwa fahari. Mgonjwa haulizi daktari alisoma wapi, ataka kupona.