Tohara Haipimi Utu wa Mtu



Wapendwa katika Kristo, likizo ya Desemba ilipokuwa inakaribia, mzee mmoja wa jumuiya mojawapo ya parokia yetu hapa Mara alitujia na ombi. Alitaka Misa ya shukrani kwa ajili ya wajukuu wake ambao wangetahiriwa msimu huo: wavulana watatu na msichana mmoja wa darasa la sita. Kwa wavulana tulikuwa na maswali machache. Kwa msichana tulikataa papo hapo. Mzee hakukasirika. Alituambia kwa upole: “Padre, tohara ni tohara. Biblia imeiagiza, mababu wameishika, na siku hizi hata madaktari wanaisifu. Ninyi mna neno gani la kusema?”

Neno tunalo, na juma hili tumeamua kulisema bila kumung’unya. Hoja zake tatu tunazisikia kila msimu, misibani, sokoni, hata milangoni mwa kanisa. Tuzichukue moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni Biblia. Ni kweli kwamba katika sura ya 17 ya kitabu cha Mwanzo Abrahamu, akiwa mzee wa miaka 99, aliagizwa kutahiriwa yeye na kila mwanamume wa nyumba yake. Tusome vizuri: kila mwanamume. Hakuna ukurasa wowote wa Maandiko Matakatifu unaoagiza msichana akatwe. Anayemtaja Abrahamu ili kuhalalisha wembe juu ya mjukuu wake wa kike anamsingizia Abrahamu, na zaidi ya hapo anamsingizia Mungu.

Tena, hata kwa wanaume jambo hilo halikuishia hapo. Kumbukumbu la Torati na nabii Yeremia walikwisha kudai tohara ya moyo. Bwana wetu mwenyewe alitahiriwa siku ya nane, kama Luka anavyosimulia, na kwa karne nyingi Kanisa liliadhimisha tukio hilo tarehe 1 Januari, mpaka kalenda ya mwaka 1969 ilipoiweka siku hiyo chini ya Bikira Maria, Mama wa Mungu. Lakini Mitume walipokutana Yerusalemu, mnamo mwaka 49, walikata shauri kwamba waongofu wa mataifa wasitwikwe mzigo huo. Paulo alimtahiri Timotheo ili kuwaondolea Wayahudi kikwazo, akakataa katakata Tito asitahiriwe pale ilipotaka kufanywa sharti la wokovu. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1442, uliwakataza Wakristo kabisa kuitegemea tohara kwa ajili ya wokovu. Basi Mkristo anaweza kutahiriwa au asitahiriwe. Asichoweza ni kusema kwamba Mungu anamdai. Jirani zetu Waislamu na Wayahudi wana mafundisho yao juu ya wana wao wa kiume, nasi tunawaheshimu. Yetu ni haya.

Hoja ya pili ni mababu. Hatuwadharau mababu. Tohara ni ya kale kuliko makabila yetu yote: huko Saqqara, Misri, katika kaburi la Ankhmahor, imechongwa ukutani picha ya vijana wakitahiriwa, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Lakini ukale wa jambo si ushahidi wa wema wake. Utumwa nao ni wa kale.

Mababu wenyewe hawakuwa na alama moja. Mkurya alitahiri, na jirani yake Mjaluo aling’oa meno sita ya chini. Kila mmoja alimwona mwenzake hajakamilika. Leo Wajaluo wengi wameacha kung’oa meno, na hakuna Mjaluo aliyepungukiwa na Ujaluo wake. Kule Masasi, tangu mwaka 1913, mmisionari wa Kianglikana Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu, alikaa na wazee akaiingiza jando katika maisha ya Kikristo. Yaliyokuwa mema yalibakizwa na yasiyofaa yaliachwa. Kumbe mila ni kama shamba: anayelipenda hulipalilia, haachi magugu kwa kisingizio kwamba yalipandwa na babu.

Na magugu mengine yana sumu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, wanaume wa Kijaluo walikamatwa na kutahiriwa kwa nguvu na makundi ya vijana, kwa mapanga na vipande vya chupa, na wengine walikufa. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki iliyaandika hayo mwaka 2008. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliyaita, mwaka 2012, matendo ya kinyama. Vijana wale hawakuzaliwa na chuki hiyo. Waliinywa polepole, katika matusi na mizaha ya kwamba mwanamume mwenye govi ni mtoto, hafai kuongoza wala kuoa. Wapendwa, mizaha hiyo hiyo tunaisikia kwenye viwanja vya mpira vya parokia yetu. Tunaicheka. Tuache kuicheka.

Hoja ya tatu, madaktari, ndiyo inayosemwa kwa fahari kubwa siku hizi. Hapa tuwe wakweli pande zote mbili. Madaktari nao wamewahi kukosea katika jambo hili. Mwaka 1870 Lewis Sayre wa New York alitangaza kwamba tohara huponya kupooza. Wengine waliitumia kuwatisha watoto wasijichezee. Ilipofika 1949, daktari Mwingereza Douglas Gairdner alionyesha kwamba watoto wengi walikuwa wakikatwa bila sababu yoyote ya kitabibu, na kwamba kila mwaka baadhi yao walikufa.

Baadaye ulikuja uchunguzi wa namna nyingine. Majaribio matatu, huko Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, ambayo matokeo yake yalitolewa kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza katika nchi zenye maambukizi mengi, na mikoa yetu kama Iringa na Njombe iliingizwa katika mpango huo. Hilo ni jema, wala hatulipingi.

Lakini asilimia 60 si 100. Aliyetahiriwa hajapewa ruhusa ya uzinzi. Utafiti wa Rakai uliochapishwa mwaka 2009 haukuonyesha kwamba tohara ya mwanamume mwenye virusi humkinga mkewe, na anayerudia tendo la ndoa kabla kidonda hakijapona, yaani kwa wiki sita hivi, anazidisha hatari. Tena faida hiyo imethibitishwa kwa tohara iliyofanywa kwa ganzi, vifaa safi na mikono iliyofundishwa. Haikuthibitishwa kwa kisu kimoja kinachopita kijana hadi kijana huku wakitazamwa nani atakunja uso. Kisu cha namna hiyo ndicho kinachoweza kupeleka virusi, na pepopunda pamoja navyo.

Na kwa msichana? Hapo dawa haina faida yoyote ya kutaja. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba ukeketaji una madhara tupu: kutokwa damu, maambukizi, shida ya mkojo, maumivu ya maisha, hatari wakati wa kujifungua. Kuufanya hospitalini, kwa ganzi, hakuutakasi. Katekisimu, namba 2297, inafundisha kwamba kumkata kiungo mtu asiye na hatia, pasipo sababu ya kweli ya tiba, ni kinyume cha sheria ya maadili. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18, na adhabu yake inaweza kufika miaka 15 gerezani. Kasoro ya sheria hiyo ni kwamba inamwacha bila kinga aliyetimiza miaka 18, na wapo wanaosubiri siku hiyo. Kitaifa, wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 10 katika utafiti wa 2015-16, na asilimia 8 katika ule wa 2022. Tunashukuru. Ila kwa binti anayeshikwa miguu alfajiri, takwimu hazina faraja.

Ndiyo maana hatukubali neno “tohara” litumike kwa mambo hayo mawili. Maana ya neno hilo ni usafi. Hakuna uchafu katika mwili wa binti unaohitaji wembe.

Kwa hiyo tunasema wazi. Mvulana akitahiriwa, apelekwe kituo cha afya, na kama amekua wa kujua, aulizwe kwanza. Asiyetahiriwa asitukanwe katika nyumba ya Mkristo. Na yeyote anayeandaa ukeketaji wa binti, awe mzazi, ngariba au kiongozi wa jumuiya, asije kwetu kuomba baraka. Aje kwenye kiti cha maungamo.

Misa ile haikufanyika. Mama wa msichana alimtoa binti yake usiku, na leo yuko mahali salama, anasoma. Mzee wetu hajatusalimu tangu siku hiyo, nasi tunaendelea kumwamkia kila Dominika. Tunamwombea, na tunajiombea wenyewe, maana kwa miaka mingi tulijua msimu unapofika, tukakaa kimya altareni.

Mungu atutahiri mioyo. Amina.