Picha ya Kuazima Haiuzi: Neno kwa Dada Zetu wa Bukoba na Muleba



Fungua status za WhatsApp za akina dada wanaouza vitu Bukoba mjini, kisha za wale wa Muleba, kisha rudi huku kwetu visiwani. Abaya ni ile ile. Picha ni ile ile, imepigwa Dubai, mvaaji kakatwa kichwa, na chini pameandikwa "mzigo mpya, karibuni". Wengi wa wanaoiweka hawajaigusa abaya hiyo hata kwa kidole. Halafu tunasikia kwamba mtandao hauuzi siku hizi, na swali linalofuata ni: tutoe wapi mawazo mapya ya kutangaza biashara?

Sisi tunaona mawazo yamewazunguka, tena Kagera kuliko sehemu nyingi. Shida ni kulitafuta wazo kwenye simu ya mwenzako wakati limo ndani ya bidhaa yako.

Chukueni vanila. Inalimwa huko kwenu, kivulini mwa migomba. Huku wengi wetu tunaijua kwa kichupa cha arki ya keki, ambacho mara nyingi hakina vanila yoyote ndani. Nani ametuambia kwamba ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na lisipochavushwa kwa mkono siku hiyo linanyauka bila tunda? Njia ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, katika bahari hii hii yetu ya Hindi. Baada ya hapo tunda linakaa kama miezi 9 (hesabu hiyo wanawake hatufundishwi) ndipo livunwe, lifunikwe, lianikwe, lifunikwe tena kwa wiki nyingi mpaka litoe harufu. Dada wa Muleba mwenye marando kumi tu ana la kuonyesha mwaka mzima. Leo ua, mwezi ujao ganda la kijani, baadaye ganda jeusi linalong'aa. Biharusi aliyelifuata tunda hilo tangu ua hatauliza kwa nini bei yake si ya kichupa.

Au buni za kutafuna. Kwa Wahaya mgeni hukaribishwa kwa buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa. Zifungeni kwenye maganda makavu ya mgomba, andikeni majina ya maharusi na tarehe ya nikaha, mmeshapata vizawadi vya wageni. Tumechoka na visanduku vya plastiki vyenye pipi tatu ndani.

Wazo jingine liko kwenye maswali ya wateja, na wauzaji wengi huyaona kero. Mkwe wa pwani akisikia senene, la kwanza atauliza: panzi hawa ni halali? Usikasirike. Mwambie kwamba Maswahaba walikula nzige wakiwa pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie, na kwamba wanazuoni wengi wamejengea hapo. Kisha mwonyeshe kazi yenyewe: zile taa kali za usiku msimu unapofika Novemba, akina mama wanaonyofoa mabawa na miguu mmoja mmoja, kikaango. Swali moja limezaa matangazo manne.

Sasa tuseme linalotuuma. Dada wa Unguja na dada wa Bukoba wanaofanya biashara mtandaoni huenda wasionane maisha yao yote. Kati yao kuna usiku mzima wa meli ziwani hadi Mwanza, basi mpaka Dar es Salaam, kisha boti. Biharusi analipa leo kwa kutegemea picha na maneno tu. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya msimu wake. Hakuwakataza, bali aliwataka kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Na alipotia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta chini limelowa, alimuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione. Picha ya kuazima ni lundo lile lile, juu pakavu. Akipokea kitu tofauti wiki moja kabla ya harusi, biharusi hamlaani muuzaji huyo peke yake. Anasema "watu wa mtandaoni" wote, na dada mkweli wa Kamachumu anakosa mteja asiyemjua.

Tunaulizwa pia kama ni lazima mwanamke aonyeshe sura ili auze. Hapana. Mkono wenye hina unaopasua ganda la vanila unatosha, na kwa macho yetu unavutia kuliko sura iliyopakwa rangi. Wapambaji nao watusikilize: biharusi mliyemfungulia nywele chumbani mwenu ni amana. Hata akikubali usiku wa furaha, muulizeni tena baada ya fungate. Onyesheni mkono, nguo ikiwa imetundikwa, chetezo cha udi kinachofuka.

Kwa hiyo tangazo tunalolitamani msimu huu ni la namna hii: "Senene wa Bukoba, wamekaangwa jana, nusu kilo, wamepimwa mbele ya kamera. Mfuko huu una wachache waliovunjika, waoneni hapa pembeni. Wanapanda meli leo usiku." Dada atakayeliandika hivyo atutumie. Tuna maharusi watatu mwezi ujao, na wakwe wao hawajawahi kuonja senene.