Nunua ya Ofisi, Ongeza Kadi
Kijana wa Ukunda mwenye bajeti ndogo na hamu ya kompyuta ya gemu huambiwa na mafundi wa YouTube anunue vipuri kimoja kimoja, aunde mwenyewe. Ushauri huo unawafaa wanaoishi jirani na duka linalokubali kurudishiwa bidhaa mbovu. Huku Kwale, madabodi ikikataa kuwaka, utapanda matatu hadi Likoni, uvuke feri, kisha ubishane na muuzaji Mombasa juu ya nani aliyeiunguza. Mimi ningenunua mashine ya ofisi ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, halafu nikaongeza kadi ya michoro. GTX 1650, kwa mfano, ina matoleo yanayotosheka na wati 75 kutoka kwenye madabodi yenyewe, bila waya wa ziada. Hilo ni jambo kubwa, maana pawasaplai za mashine hizo ni dhaifu, na nyingi zina plagi za kampuni zenyewe, hivyo huwezi kupachika yoyote uliyoikuta dukani. Pima keisi kabla hujalipa: ile nyembamba hupokea kadi ya kimo kifupi tu. Pesa inayobaki isiende kwenye taa za rangi (sijui nani aliwaambia vijana kwamba taa huongeza kasi), iende kwenye UPS, kwa sababu umeme wetu hukatika bila hodi. Na ukiwa Diani, usiiweke kompyuta dirishani. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo hula soketi taratibu. Lakini mwenye ndugu Nairobi wa kumjaribia vipuri kabla havijapakiwa basini, huyo aunde tu.